Mtani Aliyedai Damu Mlangoni

Mwalimu wangu wa baiolojia ni Mzaramo na mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Asiyejua utani wetu asije akadhani namtukana mwanamke mzima aliyenifundisha. Tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishusha mizigo pwani na kulala kwenye nyua za Wazaramo, tulipeana haki hiyo: kutaniana, kunyang'anyana, kuzuiana njia, hata msibani, na mtu asinune. Alinifundisha, kisha akawa jirani yangu hapa Gongoni, Tabora, kwa miaka mingi. Kwa haki hiyohiyo akaingia katika mambo ya nyumba yangu, na hadi juzi nilikuwa na kinyongo naye.

Nianze na hicho kinyongo, maana bila hicho haya mengine ni soga tu. Mimi na mke wangu tulizika mtoto wa kiume kwa selimundu, ambayo mtaani tunaiita sikoseli. Binti yetu Zaituni yu mzima, ila vipimo vilionyesha kwamba amebeba nusu ya ugonjwa ule katika damu yake. Nusu haimuumizi mtu. Lakini akiolewa na mwenye nusu kama yeye, watoto wao wanaweza kupata ugonjwa mzima. Alipochumbiwa, swali likawa moja tu: je, mchumba naye anayo? Sikuwa na ubavu wa kuliuliza. Mwalimu aliliuliza mbele za watu, tena kwa sauti. Ila sisi tulipomuuliza yeye angeamua nini, alinyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikoniuma.

Ni mfupi, na anatembea kama mtu aliyesahau kitu sokoni. Enzi zile alikuwa na mkoba wa ukili ambao ndani yake hamkukosekana kitunguu. Wauza vitunguu walimjua na walimchoka. Anakibonyeza kimoja, anakirudisha, anachukua kingine, anakinusa, halafu ananunua hichohicho kimoja na kuondoka. "Mwalimu, leo mchuzi wa mtu mmoja?" walimuuliza. Anajibu, "Mchuzi wa watoto hamsini," na alikuwa anasema kweli, maana kitunguu kile kilitosha darasa zima. Alibandua ngozi nyembamba ya ndani, ile inayoonekana kama nailoni, akaidondoshea iodini, akaiweka chini ya hadubini iliyokuwa na kioo cha kunasia jua, kwa sababu maabara haikuwa na umeme wa kuaminika. Tulipanga foleni hadi uwanjani.

Ilipofika zamu yangu niliona vyumba vidogo vimepangana kama matofali, na kila chumba kina kitone. Nikasema, "Nimeona seli, Madam." Akanisogeza pembeni. "Sikukuuliza jina. Umeona nini?" Nikarudi kuangalia. Mwenzangu mmoja yeye alichora seli nzuri sana, ina kila kitu kilichoandikwa kitabuni, na Mwalimu akampa sifuri, kwa sababu vingine hadubini yetu haikuwa na uwezo wa kuvionyesha. Alisema mtoto yule amechora kumbukumbu. Tulimwona katili, na mimi bado namwona hivyo.

Masomo yalitakiwa yawe ya Kiingereza. Yeye aliandika Kiingereza ubaoni, akafunga mlango, akaeleza kwa Kiswahili. "Hicho ubaoni ni cha mtihani," alituambia, "hiki ni cha kuelewa." Wakati fulani tuliandika sote kwamba seli ni kama sega la asali. Ni kosa la watoto wa Tabora. Tumezaliwa tunaona mizinga. Hakugombeza. Kesho yake alikuja na sega kwenye bakuli, akatugawia kila mtu kipande, tukala, tukalamba vidole. Tulipomaliza akatuuliza, "Chumba mmekiacha tupu. Kiko hai?" Hapana. "Basi sega ni nyumba. Seli yenyewe ni nyumba, ni mwenye nyumba, ni mpishi na ni jiko. Inakula, inatoa taka, inajirekebisha, ikifika wakati inajigawa zikawa mbili. Na wewe hapo ulipo ulianza na moja."

Tulicheka sana aliposema hivyo, tulikuwa katika umri wa kucheka mambo hayo. Akatungoja tumalize.

Siku ya kufundisha utando wa seli, ambao ndio ngozi yake ya nje, aliwasimamisha wasichana mlangoni wameshikana mikono, akasema hao ndio utando. Sisi wengine tulikuwa maji, sukari, chumvi. Maji yalipita bure. Sukari ilibidi iombe mlango wake. Mkuu wa shule, mtu wa tumbo kubwa na heshima zake, akatokea kuona kelele za nini. Wasichana wakakaza mikono, hawakujua wafanye nini. Mwalimu akasema kwa utulivu kabisa, "Huyu ni mkubwa mno, hapiti mpaka abebwe." Lo! Darasa lilivunjika mbavu. Mkuu akageuka, akaenda zake. Baadaye tulisikia Mwalimu aliitwa ofisini akaombwa ajieleze, na alijieleza kwa kuchora seli.

Utani wake na sisi ulifika mpaka ndani ya damu. Chembe nyekundu za damu aliziita Wanyamwezi. "Angalieni ndugu zenu," alisema. "Seli nyekundu imetupa hata kiini chake ili ipate nafasi ya kubeba hewa. Akili imeiacha nyumbani, imechukua mzigo. Mpagazi kamili!" Darasa lilijaa Wanyamwezi na Wasukuma, tukapiga kelele, tukamwambia Wazaramo wao ni seli za mafuta, zimelala tu chini ya mnazi. Akakubali. Tulikuwa hatujui kwamba tumeshasoma. Kwenye mtihani hakuna aliyesahau chembe nyekundu inabeba nini.

Ni mtu wa mambo yanayopingana, na sijawahi kumwelewa yote. Alitufundisha kwamba mwili hauna siri wala aibu, ila umri wake anaudanganya mpaka leo. Alichezea kila aina ya uchafu chini ya hadubini, maji ya dimbwi, utando wa meno, lakini kikombe chake cha chai hakikuguswa na mtu. Michembe yetu, vile viazi vitamu vya kukausha, aliitangaza mji mzima kuwa ni chakula cha mbuzi, na mke wangu alimpelekea kila msimu kwenye mfuko mweusi ili watu wasione. Kanifundisha damu, na yeye mwenyewe anaogopa sindano vibaya sana. Zahanatini ilibidi ashikwe mikono na muuguzi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, huku akisoma dua kwa sauti. Alikuwa akisalimia "Mwangaluka", salamu ya asubuhi, jioni jua linazama. Anajua vizuri kwamba jioni ni "Mwadila". Anafanya kusudi.

Na alikuwa na ukaidi mmoja ambao uliwaudhi watu. Ukimuuliza kwa nini kitu kiko hivi, atakueleza hadi uchoke. Ukimuuliza ufanye nini, anaanza kutafuta viatu vyake. Mama mmoja jirani alimuuliza kama amzuie mwanawe kusomea udaktari wa mifugo. "Mifugo ina seli kama sisi," akamjibu, akaaga.

Mwanangu alipokuwa anaugua, ni yeye aliyetufahamisha. Mtoto alilia mifupa usiku na mchana, macho ya manjano, na kila aliyekuja kutuona alikuwa na mganga wake wa kutupendekezea. Mwalimu aliketi na mke wangu jikoni. Akamwambia kwamba kuna kosa dogo mno katika maagizo ya kutengeneza chembe nyekundu, na kwa kosa hilo chembe inapinda kama mundu. "Ni mpagazi aliyepinda mgongo," akasema. "Kwenye njia nyembamba anakwama, na nyuma yake msafara wote unasimama. Pale uliposimama ndipo mtoto anaposikia maumivu." Mke wangu akamuuliza kosa lake yeye mama ni nini. Mwalimu akasema, "Hukukosa. Ulimpa ulichopewa, na baba yake vivyo hivyo." Nilikuwa mlangoni, nikasikia, nikatoka nje. Nililia nyuma ya duka langu la spea za baiskeli, sioni haya kusema.

Mtoto alipofariki, watani walifanya kazi yao, maana ndiyo mila. Wazaramo wa mjini walikuja wakalalia mkeka wa kaburi, wakadai marehemu alikuwa na deni lao la nazi, mpaka waombolezaji wakatabasamu. Mwalimu hakutania. Alikaa na wanawake, amefunga kanga kiunoni, anaosha vyombo. Ndiyo siku pekee niliyomwona ameacha haki yake.

Sasa Zaituni. Mchumba wake, Idi, ni kijana mzuri, fundi wa friji, kwao ng'ambo ya reli. Ukimwi walishapima wote wawili, maana siku hizi msikitini wanauliza na hakuna anayeshangaa. Lakini hili jingine ni la ukoo. Kumwambia mwenzako akapime sikoseli ni kumwambia damu ya kwenu ina kasoro. Na ili niulize, ilibidi niseme kwanza kwamba ya kwetu inayo. Nina mabinti wengine nyuma ya Zaituni. Mji huu ni mdogo. Neno likitoka Gongoni asubuhi, adhuhuri liko Itetemia limeongezewa chumvi. Zaituni alinibana: "Baba, utasema au niseme?" Nikamwambia, subiri. Nilisubiri mpaka siku ya mahari ikafika.

Wazee wa kwa Idi walikuja wamevaa kanzu, mshenga mbele, akinamama nyuma na sinia zao zimefunikwa vitambaa. Idi alikuwa nje na wenzake kwenye bajaji. Kufika mlangoni, wakamkuta Mwalimu ameketi kwenye kizingiti, miguu kainyoosha, kazuia njia nzima. Hakuna aliyeshtuka. Mtani akizuia mlango anapewa kitu, watu wanacheka, wanaingia. Mshenga akatoa noti, tayari anatabasamu.

"Rudisha mfukoni," Mwalimu akasema. "Sisi tuna minazi. Nataka damu."

Kicheko! "Mzaramo umekuwa mumiani?" mshenga akauliza.

"Mumiani, tena mwenye huruma. Tone moja tu. Muiteni huyo bwana harusi."

Wakamwita, wanacheka bado. Idi naye alipita mikononi mwake shuleni. Akaja, akainama. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mtoto anapata wapi maagizo ya damu yake?"

"Nusu kwa baba, nusu kwa mama."

"Vizuri, hukulala darasani. Sasa sikilizeni nyote. Hawa wapagazi wa nyumba hii wamezika mtoto kwa sikoseli. Bibi harusi wenu mzima kabisa, lakini amebeba nusu. Baba yake hapo anatetemeka, hawezi kuwaambia. Mimi nawaambia. Nyinyi mna nini?"

Ilikuwa kama nimevuliwa nguo. Nilitamani ardhi inimeze. Niliangalia nyuso za wazee wale, nikaona kicheko kinaisha, uso mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja alifungua kinywa kwa hasira, mshenga akamgusa mkono. "Ni mtani," akamwambia kwa sauti ya chini. Na hapo ndipo palipokuwa na kufuli. Angesema daktari, wangeondoka. Ningesema mimi, wangeondoka na kunitangaza. Mtani akikuudhi ukanuna, aibu ni yako. Mzee alifunga kinywa.

Idi ndiye aliyejibu. "Nitapima kesho, Mwalimu."

"Basi mahari nayo ingoje huko kwenye sinia," akasema, akainuka, akajipangusa vumbi. "Chakula kiingie, kisipoe."

Tukala. Sijui nilikula nini.

Majibu yalitoka: Idi naye amebeba nusu. Walikuja wote wawili nyumbani kwa Mwalimu, mimi na mke wangu tukafuatana nao. Alikuwa ameshastaafu, amehamia kwake Itetemia, anabangua karanga uani. Akachukua mfuko, akatia karanga tatu nzima na moja iliyovunjika, ambayo ndiyo mtoto mgonjwa. "Kila mimba ni kuingiza mkono humu," akasema. "Ukitoa unarudisha, mwingine anaingiza. Usije ukadhani ukitoa nzima mara tatu, ya nne ndiyo iliyovunjika, wala ukitoa iliyovunjika leo, umeshaimaliza. Mfuko haukumbuki." Akawaeleza tena kwamba siku hizi mtoto akijulikana mapema kuna dawa, kuna kliniki, si kama zamani yetu. Akawaeleza na maumivu, hakuyapunguza. Alieleza vizuri sana, kama anavyoeleza siku zote.

Halafu Zaituni akamuuliza, "Mwalimu, ungekuwa wewe?"

Mwalimu akafunga mfuko. "Mimi si wewe."

"Lakini wewe ndiye unayejua."

"Ninachojua nimekwambia chote."

Nikaingilia. Nikamwambia, "Mwalimu, mlangoni kwangu ulikuwa na mdomo. Leo umekwenda wapi? Sema neno moja, waoane au wasioane, watakusikia." Akaniangalia, akasema ana maji motoni, akaingia ndani. Tulikaa pale uani, tukangoja, hakutoka. Tukaondoka. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu. Alituvua nguo mbele za watu, nikawaza, halafu akatuacha uwanjani.

Waliamua wenyewe. Walioana. Mjukuu wangu alizaliwa mzuri, mnene, na kabla hajasimama vidole vyake vya mikono vikaanza kuvimba. Vipimo vikasema ana sikoseli kamili.

Sikuenda Itetemia muda mrefu. Mke wangu alikwenda, Zaituni alikwenda, walimpelekea michembe. Mimi nilituma salamu. Ukiniuliza nilikuwa namlaumu kwa lipi, nitakwambia: kama angesema wasioane, binti yangu asingekuwa anashinda wodini akimshika mtoto wakati wa kutafuta mshipa. Nilikuwa nayahesabu yale mateso, na kila teso nililiandikia jina lake.

Mwezi uliopita nikasikia Mwalimu ameanguka kwa homa, ameamka lakini hajawa sawa. Zaituni akanibana tena: "Baba, twende." Tukaenda, mimi, yeye na mjukuu, ambaye sasa yuko chekechea na ana maneno mengi kuliko mshenga. Tulimkuta kwenye kiti cha kamba barazani. Kapungua. Mikono imebaki mishipa. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama wapagazi siku hizi wanapotea njia ya Itetemia. Mjukuu alikuwa anakimbiza kuku uani, anachoka, anapumzika, anaanza tena.

Nilikuwa nimejiandaa kuongea mengine. Likatoka hilohilo. "Mwalimu, siku ile ungesema wasioane, wangekusikia."

"Najua."

"Na mimi ningekusikia."

"Najua. Ndiyo maana sikusema."

Zaituni alikuwa amesimama karibu yangu. Alikuwa akimtazama mwanawe.

Mwalimu akanyoosha kidole uani, kwa yule mtoto aliyekuwa sasa amemshika kuku kwa mkia. "Ningesema wasioane," akasema, "leo huyu ningemtazama kwa macho gani?"

Nilimwangalia mjukuu wangu, nikajaribu kuiwaza dunia isiyo na yeye, nikashindwa. Kinyongo changu cha miaka yote kikanitoka palepale, na mahali pake sikupata kitu cha kuweka isipokuwa aibu na kumpenda yule mtoto.

Kuku akaponyoka. Mjukuu akaja barazani anahema, akachukua chupa yake ya maji, ile ambayo mama yake humfungia kila atokako nyumbani kwa sababu daktari amesema asikae na kiu. Akanywa. Kisha akamtazama Mwalimu, midomo yake ilivyokauka, akampa.

"Bibi, kunywa na wewe, usije ukaumwa."

Mwalimu, ambaye hajawahi kunywa kwenye chombo cha mtu, akaipokea kwa mikono miwili.

"Yote," mtoto akamwambia.

Akanywa yote.